Futari kwa Mwenye Pampu

Mwamuzi wa Maji hali chakula cha mwenye pampu, wala cha mwenyekiti wa kijiji; na akishaondoka katika kiti chake, hali kwao mpaka utimie mwaka mzima. Akila, atachimba mtaro wa bomba hatua hamsini, kina cha kufika gotini, kwa jembe lake mwenyewe, mchana, asisaidiwe na mtu. Sheria hiyo ilijulikana Mkongeni kama watu wanavyoijua njia ya kwao. Hata watoto walitaniana kwayo: aliyemega andazi la mwenzake aliambiwa akachukue jembe.

Sababu yake haikuwa ngumu kuelewa. Mkongeni, kijiji kilicho kusini ya Tongoni, kilichoanza zamani kama kambi ya manamba wa mkonge, hakina maji matamu ila ya kisima kimoja kirefu. Kisima hicho, na pampu yake ya umeme wa jua, na tangi, na mabomba yaendayo katika magati manne ya kuchotea, vyote ni mali ya mtu mmoja, Idarusi. Mwenye maji peke yake aweza kupandisha bei apendavyo, na mwenyekiti atafutaye kura aweza kumlazimisha auze kwa hasara mpaka pampu ife. Kwa hiyo mkutano mkuu wa kijiji uliweka mtu wa tatu katikati, asiye wa huyu wala wa yule, akague mabomba, asikilize malalamiko, akate bei ya ndoo.

Kwa miaka sita mtu huyo alikuwa Mzee Ernesti, karani wa zamani wa kiwanda cha mkonge, msomaji wa masomo kanisani, mtu ambaye saa ya mkononi mwake watu waliitumia kurekebishia zao. Ndiye aliyedai yale maneno ya mwaka mzima yaongezwe katika sheria, akisema kwamba mtu aweza kuiuza hukumu yake leo na kupokea malipo keshokutwa. Mkutano ulimpigia makofi. Vipindi vyake viwili vilipokwisha, mwezi wa Novemba, alivaa koti lake la kijivu akaenda mkutanoni akitazamia kuchaguliwa kwa mara ya tatu. Mkutano ukamchagua Mwanasiti.

Mwanasiti alikuwa fundi cherehani, mjane wa miaka arobaini na mmoja. Ernesti alimfahamu tangu akipita mbele ya nyumba yake kwenda shule, miguu mitupu, akikariri jedwali la saba kwa sauti na kulikosea. Siku ile alimpa mkono mbele ya watu, akamtakia heri, kisha akaenda nyumbani na kukataa chakula. Mkewe, Praxeda, alimwuliza kama anaumwa. Akajibu kwamba haumwi.

"Basi kula, Baba Luka," alisema Praxeda. "Wali haukukunyima kura."

Hasidi hana sababu, wasema watu wa pwani, lakini Ernesti alikuwa na sababu, tena alizihesabu moja moja kila jioni kama mtu ahesabuye shanga za rozari. Waliokuwa wakija kwake na malalamiko sasa walipita mbele ya kibaraza chake, wakamwamkia "shikamoo" kwa adabu yote, wakaenda kuketi kwa Mwanasiti, jirani yake wa ng'ambo ya njia, wakamsubiri amalize kushona pindo. Yeye aliwahi kuwapangia siku na saa. Yule hakuwapangia lolote, nao walimngoja. Yeye aliamua kwa karatasi, zile alizoletewa na Idarusi kila mwezi, zimeandikwa vizuri na kupigwa mhuri. Yule alitoka alfajiri na kipande cha nondo, akakisimika juu ya bomba, akatega sikio kwenye ncha ya juu kama daktari, asikie pavujapo, akasogea hatua chache, akatega tena. Mara ya kwanza alipomwona hivyo, Ernesti alicheka. Mara ya pili alijiuliza kwa nini yeye, katika miaka sita, hakuwahi kuliwaza jambo jepesi namna ile; na swali hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa changu.

Mwezi wa Januari Mwanasiti alipandisha bei ya ndoo kutoka shilingi hamsini hadi sabini.

Ernesti aliposikia habari hiyo aliona moyo wake ukipata nafuu. Katika enzi yake bei haikusogea hata senti. Kila ulipokaribia uchaguzi, mwenyekiti wa kijiji, Castory, alimjia na kumwomba asiiguse, naye hakuigusa, na watu walimwita baba wa wajane. Sasa, aliwaza, watamjua aliyekuwa mwema kwao. Alivaa shati safi, akachukua ndoo, kazi ambayo hakuwa ameifanya tangu Praxeda alipokuwa na mimba ya Luka, akaenda gatini kusikiliza Mwanasiti akitukanwa.

Wanawake walikuwa wamekasirika kweli. Lakini Mwanasiti hakuwapo gatini kujitetea. Alikuwa amewatangulia hatua mia mbili, kwenye uchochoro uendao msikitini, naye aliwaita wamfuate. Huko alikuwa amefukua mchanga kwa mikono. Akawaambia watie mikono yao shimoni, mmoja mmoja, waguse bomba. Mchanga ulikuwa rojo. Akawaeleza kwamba katika kila ndoo kumi zinazosukumwa na pampu, tatu hunywewa na ardhi, na kwamba wamekuwa wakizilipia ndoo hizo tatu kwa miaka, si kwa fedha bali kwa foleni na kwa siku za ukame wa bomba. Zile shilingi ishirini zilizoongezeka ni za bomba jipya, si za mfuko wa Idarusi. Bomba lisipobadilishwa kabla ya mvua za masika, bei itarudi hamsini, na Idarusi atatozwa faini. Mtu mmoja alisema kwamba mwenyekiti alikuwa ameahidi bei haitapanda mpaka uchaguzi mdogo wa kitongoji upite. Mwanasiti alikiri kwamba Castory alimwendea na ombi hilo.

"Nilimwambia pampu haipigi kura," alisema.

Wakacheka. Wakanung'unika tena, wakabishana kuhusu wazee wasio na kipato, wakamtaka awapunguzie hao, akakubali ndoo mbili kwa siku kwa bei ya zamani. Na baada ya hapo walilipa. Walipokuwa wakirudi, Bibi Consolata, ambaye kwa miaka sita hakukosa kumwombea Ernesti afya njema, alimwambia mwenzake, pasipo kujua kwamba Ernesti yu nyuma yao na ndoo yake, "Angalau huyu ametuonyesha."

Angalau huyu. Ernesti alibeba maneno hayo nyumbani, na ndoo akaisahau.

Mwaka huo Kwaresima na Ramadhani ziliingia katika juma moja, na Mkongeni yote, Wakristo na Waislamu, ikakaa na njaa kwa pamoja. Jioni, jua lilipozama, Ernesti alikaa kibarazani akisubiri chakula cha siku. Hapo ndipo alipoliona sinia. Shadya, binti wa Idarusi, alikuja nalo kichwani, limefunikwa kawa lenye ukili mwekundu, akaingia katika ua wa Mwanasiti. Hakutoka kwa lango lile. Kesho yake alikuja tena, na keshokutwa pia. Siku ya nne Ernesti alitoka na kiti kabla ya wakati.

Ni dhambi kuifurahia dhambi ya jirani, na Ernesti alilijua hilo vema, kwa maana aliwahi kuwafundisha watoto wa komunyo. Alifurahi hata hivyo. Alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Mwamuzi akipatikana na kosa huondolewa siku hiyo hiyo, na desturi yasema kiti chake hushikwa na aliyemtangulia mpaka kipindi kiishe. Kiti kingerudi kwake bila yeye kukiomba.

Ila alikuwa karani, na karani hapeleki shitaka lisilo na ushahidi. Huenda sinia lilitoka nyumba nyingine na Shadya alilibeba tu. Ilimpasa alione likitoka jikoni kwa Idarusi. Kwa hiyo siku ya tano, dakika chache kabla ya magharibi, alibisha hodi kwa mwenye pampu.

Idarusi alimpokea kwa heshima kubwa mno. Alikuwa mtu mnene, mpole wa maneno, ambaye tangu Januari alikuwa amepungua. Alimketisha ukumbini, juu ya mkeka mpya, mahali ambapo mlango wa ua uko wazi na jiko laonekana lote. Adhana ilipoadhiniwa, vyakula vikaletwa: uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, samaki wa kukaanga, kaimati. Ernesti alisema amekuja kusalimia tu. Idarusi akasema salamu haikatazi uji. Ernesti akakumbuka yale maneno ya mwaka mzima. Akakumbuka kwamba imepita miezi minne. Kisha akajiambia kwamba sheria ile iliwekwa kwa ajili ya watu wanaokula ili wapate kitu, na yeye hakuja kupata kitu, alikuja kwa shughuli ya umma. Na kwamba mgeni akikataa futari atatiliwa shaka, na shughuli ya umma itaharibika. Akapokea bakuli.

"Enzi zako, Baba Luka, tulielewana," alisema Idarusi, akimsogezea mihogo. "Ulikuwa mtu wa karatasi. Huyu kila alfajiri yu juu ya mabomba yangu na chuma sikioni, kama anayetafuta mapigo ya moyo. Mke wangu hanichunguzi hivyo."

Ernesti aliyapokea maneno hayo kama sifa, yakamteremka vizuri pamoja na uji. Alikula muhogo. Alikula samaki, na kaimati mbili. Na alipokuwa akiichukua ya tatu alimwona Shadya jikoni akipanga sahani katika sinia, akilifunika kawa lenye ukili mwekundu, akilitwika, akishika njia ya kwa Mwanasiti. Ernesti hakuuliza linakwenda wapi. Mtu aliyekwisha kujua hana haja ya kuuliza.

Aliporudi nyumbani hakugusa chakula, na Praxeda akataka kujua kisa. Akamweleza yote, akitembea huku na huku kama kijana. Praxeda aliuliza jambo moja tu.

"Umekula kwa Idarusi?"

"Nilionja."

"Kuonja ni kula kwa aibu, Baba Luka. Achana na jambo hili."

Akamjibu kwamba ukweli ni ukweli, hata ukitoka katika kinywa chenye harufu ya samaki. Wala hapakuwa na mtu atakayemwuliza amekula wapi, kwa sababu si yeye atakayeshitakiwa. Praxeda akachukua chakula chake akampa kuku.

Mkutano uliitishwa Jumamosi asubuhi katika ghala la zamani la mkonge. Castory, aliyekuwa hajamsahau Mwanasiti kwa lile neno la pampu na kura, aliufungua kwa uso wa huzuni ambao haukumkaa vizuri. Ernesti alisimama. Alizungumza kama alivyokuwa akizungumza zamani, pole pole, kwa mpangilio, akitaja siku na saa. Alisema hana chuki na mtu. Alisema kiti cha Mwamuzi ni cha watu wote, na kwamba kikipakwa mafuta ya jikoni la mwenye pampu, hakuna bei itakayoaminika tena Mkongeni. Maneno yalikuwa mazuri, na yalikuwa kweli. Wengi walimgeukia Mwanasiti kwa huzuni isiyo ya uongo.

Mwanasiti alisimama na utepe wake wa kupimia nguo ungali shingoni. Alimwamkia Ernesti kwanza.

"Shikamoo, baba. Sibishani na ulichokiona. Sinia limepita kwangu kila siku."

Akaeleza kwamba bomba jipya linatandazwa katika uchochoro wa msikitini, na uchochoro wote umefukuliwa, hata mtu hawezi kupita na chombo kichwani. Futari ya msikiti ilihitaji njia. Akafungua lango la mbele na la nyuma la ua wake, masinia yakapita, ya Idarusi na ya nyumba nyingine saba. Kibaraza cha Ernesti kinatazama lango la mbele, na hayo saba aliyaona pia, ila hakuyatia maanani kwa kuwa hayakutoka kwa mwenye pampu. La nyuma hakilioni, na kanisa liko upande mwingine, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kupita huko na kuuona mtaro.

Mwadhini Sele, mzee mwembamba mwenye jino moja la dhahabu, aliinuka bila kuitwa. Alithibitisha kwamba sinia la kawa jekundu hufika msikitini kila magharibi, zima, na kwamba yeye binafsi amelishughulikia. Akaongeza kwamba, kwa kuwa tupo katika kusema kweli, kaimati za nyumba ile zimezidishwa iliki.

Ghala lote lilicheka. Ernesti angeweza kuketi. Angesema nimekosea, akaomba radhi, na jambo lingeishia kwenye kicheko. Lakini Castory hakutaka liishe hivyo. Alinyosha mkono kutuliza watu, akasema pengine yalikuwapo masinia mawili, moja la msikiti na jingine la Mwamuzi. Mzee Ernesti si mtu wa kukurupuka, bila shaka anao ushahidi zaidi. Akamgeukia kwa upole, kama mtu anayemnyoshea mwenzake mkono katika utelezi.

"Mzee, ulijuaje kwa hakika kwamba sinia ulilolitaja limetoka jikoni kwa Idarusi?"

"Niliona likipangwa."

"Uliona ukiwa wapi?"

Ernesti alimtafuta Idarusi kwa macho. Idarusi alikuwa akichunguza kucha zake. Hakuna aliyekuwa amemwona akiingia kule. Wakati wa magharibi kila mtu huwa ndani mwake. Neno moja dogo lingetosha. Angesema, nikiwa njiani. Angesema, niliambiwa. Na hapo hapo, wakati ulimi wake ukilitafuta neno hilo, aliyasikia upya yale aliyoambiwa mkekani, kwamba katika enzi yake walielewana. Na safari hii hayakuwa sifa. Mwenye pampu alikuwa amemwambia, Ernesti akiwa na chakula cha nyumba ile mdomoni, kwamba miaka sita hakumwogopa. Hakumhonga, kwa sababu hakuwa na haja ya kumhonga.

"Nilikuwa ukumbini kwa Idarusi," alisema.

"Ukifanya nini, Baba Luka?" Ilikuwa sauti ya Bibi Consolata, kutoka nyuma, wala hakuuliza kwa ubaya.

"Nilikuwa nakula."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mtu fulani alianza kuhesabu miezi kwa vidole, Novemba, Desemba, akaacha. Castory alikohoa. Alisema kwamba mzee ana umri wa miaka sabini na moja, kwamba ametumikia kijiji kwa uaminifu, kwamba adhabu ile iliwekwa kwa ajili ya watu wenye nguvu, na kwamba yeye kama mwenyekiti anaona karipio linatosha. Wengi waliitika. Castory akamwuliza Mwanasiti kama ana pingamizi, akitabasamu, maana hakuna mwanamke mwenye malezi atakayekataa mzee asamehewe.

"Mwenyekiti," alisema Mwanasiti, "mimi sina uwezo wa kuisamehe, na wewe huna. Sheria haikuwauliza watu umri wao. Leo tukiipinda kwa tunayempenda, kesho Idarusi ataniuliza mimi kwa nini siipindi kwa bomba lake."

Ernesti alimchukia kwa maneno hayo kama hakuwahi kumchukia mtu. Hakumchukia kwa ukali wake. Alimchukia kwa sababu maneno yalikuwa yake yeye, Ernesti. Ndiyo aliyopaswa kumwambia Castory mara zote alizokuja kubisha hodi kabla ya uchaguzi, naye hakuyasema hata mara moja, na sasa yamesemwa na mtoto aliyekuwa akikosea jedwali la saba. Akafunga vifungo vya koti.

"Jumatatu," alisema. "Saa moja asubuhi."

Alipewa kipande cha kutoka msikitini kuelekea gati la nne. Ardhi ya pale ni mchanga juu na mawe ya tumbawe chini. Alichimba Jumatatu hatua kumi na saba, akatapika mara moja, akaendelea. Jumanne kumi na tisa. Praxeda alimletea maji ya kunywa na hakuketi, kwa sababu kuketi kungeonekana kama kusaidia. Wanaume waliopita walivua kofia, wakamwamkia, wakageuza nyuso. Wanafunzi wa madrasa walikatazwa kuchungulia, na kwa hiyo walichungulia kwa zamu.

Jumatano, kabla ya adhuhuri, alifikisha hatua ya hamsini. Mwanasiti alikuja kukagua, kama sheria inavyotaka. Alimwomba aingie mtaroni na kutembea toka mwanzo, naye alifuata pembeni, akilinganisha ukingo na goti la mzee. Penye hatua ya thelathini na nne alisimama. Hapo palikuwa na jiwe, na Ernesti, jioni ya Jumanne, kwa uchovu, alikuwa amelipitia juu na kulifunika kwa mchanga.

Mwanasiti aliinama, akaufagia mchanga kwa kiganja. Watu wanane au tisa walikuwa wakitazama. Ernesti alingoja. Yeye, katika enzi yake, angepita. Angesema moyoni, ni mzee, ni jirani, ni vidole vinne tu. Na angeuita huo wema.

"Hapa bado, baba," alisema Mwanasiti. "Hapajafika goti."

Akarudi kwenye jiwe. Lilimchukua mpaka saa tisa alasiri, kwa ncha ya jembe na kwa kucha. Mwanasiti, aliyekuwa amefunga, alisimama juani muda wote huo, hakuketi, wala hakumpunguzia hata unene wa kidole. Jiwe lilipotoka alishuka mwenyewe mtaroni, akapima kwa utepe wake mara mbili.

Kisha akapanda juu, akawageukia waliokuwapo, akasema kwa sauti ya kawaida, "Imelipwa."

Ernesti alipangusa jembe kwa majani, akaliweka begani, akashika njia ya kwake.